Mama kapigwa eksirei mara tatu, sasa anatakiwa CT: je, mionzi haijamjaa mwilini?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61. Alipata homa na kikohozi kikali, akapigwa eksirei ya kifua, akapewa dawa. Baadaye akapigwa tena, na wiki hii mara ya tatu. Homa imeisha, lakini sasa wanataka afanyiwe kipimo cha CT. Ndugu wanasema mionzi imeshamjaa mwilini na wanamshauri akatae. Mimi mwenyewe niliumia goti, picha ikaonyesha hakuna tatizo, lakini mpaka leo siwezi kuchuchumaa. Naomba unieleweshe: eksirei ni nini hasa, inatibu au inaonyesha tu, na inadhuru kiasi gani?

Jibu: Marahaba mwanangu. Pole kwa goti, na umpe mama pole zangu. Nianze na maneno ya ndugu, maana ndiyo yanayoweza kumkosesha mama kipimo anachokihitaji, hicho cha CT, ambacho nacho ni eksirei ila humtazama mgonjwa safu kwa safu. Mionzi ya eksirei haijai mwilini wala haibaki humo. Inapita, kiasi fulani kinanyonywa papo hapo, basi. Mtambo ukizimwa hakuna eksirei tena chumbani, kama vile usivyoweza kukuta mwanga wa taa umebaki ukutani baada ya kuizima. Kwa hiyo mama hana kitu cha kunywa wala cha kujifukiza ili "kuitoa", na anaweza kumkumbatia mjukuu wake dakika ileile anapotoka chumbani. Madhara ya mionzi yapo, nitayafikia, lakini hayaji kwa njia hiyo ya kujaa.

Eksirei ni mionzi ya ukoo mmoja na mwanga na mawimbi ya redio. Tofauti ni kwamba mawimbi yake ni mafupi mno na nishati yake ni kubwa, kiasi cha kupenya nguo, ngozi na nyama. Aliyeigundua ni mwanafizikia Mjerumani, Wilhelm Röntgen, tarehe 8 Novemba 1895 mjini Würzburg. Alikuwa anapitisha umeme kwenye bomba la kioo alilolifunika kwa karatasi ngumu nyeusi, akaona kibao chenye kemikali, kilichokuwa mbali kidogo, kinang'aa gizani. Mwanga wa kawaida usingeweza kupita ile karatasi. Kwa kuwa hakujua ni mionzi gani, akaipa herufi X, ile wanahisabati wanayoitumia kwa kitu kisichojulikana. Wiki chache baadaye aliupiga picha mkono wa mkewe, mifupa ikaonekana na pete yake kidoleni. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa. Hakutaka kujimilikisha kisheria ugunduzi wake, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya hospitali zianze kuutumia haraka namna ile.

Mtambo wa leo bado unafanya kazi kwa kanuni ileile. Ndani kuna bomba lisilo na hewa. Upande mmoja kuna waya mwembamba unaopashwa moto hadi uachie elektroni, na upande wa pili kuna sahani ya tangsteni, metali inayostahimili joto kali. Umeme wa makumi ya maelfu ya volti huzivuta elektroni hizo kwa kasi ya ajabu mpaka ziigonge sahani. Zikikwama ghafla, nishati yake inabidi iende mahali: takriban asilimia 99 inakuwa joto, na ile 1 iliyobaki ndiyo eksirei. Ule mvumo ambao mama aliusikia kabla ya kuambiwa "vuta pumzi, ishike" ulikuwa sahani ikianza kuzungushwa, ili joto lisiunguze sehemu moja. Baada ya hapo mionzi hutoka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, ukilielewa, litakujibu karibu maswali yako yote, la mama na la goti. Picha ya eksirei ni kivuli. Mionzi inatoka mbele au nyuma ya mgonjwa, inapita mwilini, inapokewa na kibao upande wa pili. Pale ilipopita kwa wingi picha inakuwa nyeusi, na pale ilipozuiwa inabaki nyeupe. Kinachoamua uzuiaji ni unene wa kitu, uzito wake, na zaidi ya yote atomu zilizomo. Namba ya atomu ikiongezeka maradufu, unyonyaji wa mionzi hii kwa kiasi kilekile cha kitu huongezeka karibu mara nane. Nyama imejengwa kwa atomu nyepesi kama hidrojeni, kaboni na oksijeni. Mfupa una kalsiamu, ambayo namba yake ni 20, wakati ya oksijeni ni 8. Ndiyo maana mfupa hujitokeza waziwazi hata bila kumchana mtu.

Hivyo mtu anayesoma picha ana rangi tano tu za kufanyia kazi. Hewa ni nyeusi. Mafuta ni kijivu kilichokolea. Maji, damu, usaha, misuli, moyo, ini na uvimbe, vyote hivyo ni kijivu kimoja. Mfupa ni mweupe, na metali ni nyeupe kuliko vyote. Rudia kuisoma ile ya tatu. Eksirei haiwezi kutofautisha damu na usaha, wala usaha na misuli, kwa sababu vyote hivyo huzuia mionzi kwa kiwango kinachokaribiana. Mpaka wa kiungo unaonekana pale tu kinapogusana na kitu cha rangi nyingine: ukingo wa moyo unauona kwa sababu kando yake kuna pafu lenye hewa.

Turudi kwa mama. Pafu lenye afya huwa jeusi kwenye picha, na nyuzi hafifu za mishipa ya damu zimetapakaa ndani yake. Nimonia inapoingia, vifuko vya hewa hujaa majimaji na usaha, na sehemu ile inageuka nyeupe. Daktari wa kwanza aliona weupe, akajumlisha na homa na kikohozi, akasema nimonia. Hapo hakukosea. Lakini kama nilivyokwambia, kivuli cha usaha na kivuli cha uvimbe vinaweza kufanana. Weupe wa nimonia pia huchelewa kuondoka. Mgonjwa anaweza kuwa amepona, anakula na kutembea vizuri, na picha bado ina doa kwa wiki kadhaa, hasa kwa watu wa umri wake. Kwa hiyo picha ya pili huenda iliangalia kama doa linapungua, na ya tatu kama limeisha. Ikiwa halijaisha, au linapungua huku na kubaki kule, swali linabadilika. Hapo si "ana nimonia?" tena. Swali ni "kuna nini nyuma ya hii nimonia?" Kunaweza kuwa na kovu tu. Inaweza kuwa kifua kikuu, ambacho mara nyingi hupenda sehemu za juu za pafu na kinahitaji kuthibitishwa kwa kupima makohozi. Inaweza kuwa uvimbe unaoziba njia ya hewa na kuifanya sehemu ile ishikwe na maambukizi. Mimi sijaziona picha za mama, kwa hiyo siwezi kukwambia ni lipi. Ninachoweza kukwambia ni kwamba daktari anayefuatilia doa mpaka mwisho anafanya kazi yake sawasawa, na wapo wengi wasioifanya.

Kwa nini basi CT, na si eksirei ya nne? Kwa sababu ya kivuli tena. Picha ya kawaida inaubana unene wote wa kifua kwenye bapa moja. Mbavu za mbele, moyo, pafu, mbavu za nyuma na uti wa mgongo vinalaliana. Sehemu kubwa ya pafu imejificha nyuma ya moyo na nyuma ya kuba la ini, na doa la ukubwa wa punje linaweza kukaa hapo bila jicho lolote kuliona. CT pia ni eksirei, mionzi ni ileile, ila bomba linazunguka mwili mzima likipima kutoka kila upande, kisha kompyuta inakokotoa na kutoa picha za vipande vyembamba, kana kwamba unamtazama mgonjwa safu kwa safu. Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza, ndiye aliyetengeneza mtambo wa kwanza uliompima mgonjwa, mwaka 1971 jijini London. Hesabu za kipimo hiki zilikuwa zimefanyiwa kazi kabla na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, na wote wawili wakagawana Nobel ya tiba mwaka 1979. CT hutofautisha rangi za kijivu ambazo eksirei ya kawaida huzichanganya: hutoa namba kwa kila nukta, maji yakiwa 0 na hewa -1,000.

Goti lako nalo ni kisa hichohicho. Picha "safi" ya goti ina maana kwamba mifupa haijavunjika, imekaa mahali pake, na nafasi kati yake haijapungua kwa namna inayoonekana. Haisemi lolote la maana kuhusu kano zinazolishikilia goti, wala zile gegedu mbili za umbo la mwezi mwandamo zinazokaa kati ya paja na muundi. Hizo ndizo huchanika mtu anapojipinda mguu ukiwa umekanyaga, na kushindwa kuchuchumaa ni mojawapo ya malalamiko yake ya kawaida. Zote zina kijivu kilekile cha misuli. Usirudi kudai eksirei nyingine. Rudi kwa daktari alichunguze goti kwa mikono, alipinde, alizungushe, na akiona inafaa akuandikie MRI, ambayo haitumii eksirei kabisa bali sumaku na mawimbi ya redio. Na hata mfupa wenyewe una siku zake: mfupa mdogo wa kifundo cha mkono ulio chini ya kidole gumba unaweza kupasuka na picha ya siku ya kwanza isionyeshe kitu. Daktari mzuri atakufunga kama aliyevunjika na kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14, ufa unapoanza kujitokeza.

Umeuliza kama eksirei inatibu au inaonyesha tu. Inafanya yote mawili.

Kwenye kuonyesha, mifupa na kifua ndivyo vinavyochukua sehemu kubwa ya kazi. Meno pia, kwani tundu lililojificha kati ya jino na jino halionekani kwa kioo cha daktari. Tumboni eksirei haina makali sana, ila ina nafasi moja ambapo huokoa maisha kwa haraka: utumbo ukitoboka, hewa hutoroka na kupanda juu. Mgonjwa akipigwa picha amesimama, unaona mstari mweusi mwembamba chini ya msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na mstari huo unatosha kumwita daktari wa upasuaji usiku huohuo. Kisa kingine ninachopenda kuwaonyesha wanafunzi ni cha mtoto aliyemeza kitu cha duara. Wazazi husema ni sarafu. Kwenye picha vyote viwili, sarafu na betri ndogo ya saa au ya rimoti, huwa kiduara cheupe pe. Lakini ukikaza jicho ukingoni, betri ina duara la pili ndani ya la kwanza, kwa sababu imetengenezwa kwa vipande viwili vilivyofungwa pamoja. Sarafu iliyokwama kwenye umio mara nyingi inaweza kusubiri kidogo. Betri haisubiri, kwani inaweza kuanza kuunguza umio kwa ndani katika muda wa saa mbili. Mstari ule mmoja ndio unaoamua kama mtoto anakimbizwa chumba cha upasuaji. (Kijiti cha mbao au kipande cha plastiki, kwa upande mwingine, kwa kawaida hakitaonekana. Usitulie eti "picha haina kitu".)

Pale ambapo rangi ya kijivu inatuzidi ujanja, tunampa mgonjwa kitu cheupe kwa makusudi. Bariamu ikinywewa huchora umio na tumbo. Dawa yenye iodini ikichomwa kwenye mshipa huichora mishipa ya damu. Eksirei ikiachwa iendelee kutoka taratibu, picha inakuwa ya mwendo, na kwa njia hiyo daktari wa moyo anausindikiza mrija mwembamba kutoka kwenye kifundo cha mkono au kwenye kinena hadi kwenye moyo, anaona mshipa ulioziba, na anauzibua bila kupasua kifua. Matiti hupigwa kwa mtambo wake maalumu wa nishati ndogo, unaolibana titi ili vichembe vidogo vya kalsiamu vionekane. Kubanwa kunauma kidogo lakini ndiko kunakoifanya picha isomeke. Kuna pia kipimo cha uzito wa mifupa, ambacho mama yako kwa umri wake anaweza kushauriwa wakati wowote. Mionzi yake ni kidogo sana.

Kwenye kutibu, eksirei hutumika dhidi ya saratani. Mitambo hiyo ni mingine kabisa: hutoa eksirei zenye nguvu ya mamilioni ya volti, zinazoelekezwa kwenye uvimbe kutoka pande kadhaa ili zikutane pale na kuviacha viungo vya jirani na kiasi kidogo. Lengo ni kuharibu vinasaba vya seli za saratani zisiweze kugawanyika tena. Dozi yake hugawanywa kwa siku nyingi ili seli nzima zipate nafasi ya kujirekebisha.

Na hapo ndipo hatari ilipo. Kile kinachoua seli ya saratani kinaweza, kwa dozi ndogo, kukigusa kinasaba cha seli nzima na kukiachia kasoro. Waanzilishi waliligundua hili kwa gharama kubwa. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alikuwa akiweka mikono yake mwenyewe kwenye mionzi siku baada ya siku kujaribu mitambo. Alikatwa mikono, na mwaka 1904 akafa kwa saratani. Edison akaachana na utafiti wa eksirei.

Dozi za leo haziko karibu na zile. Tunazipima kwa milisivati. Kila binadamu, hata asiyewahi kuingia hospitali, hupokea wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, hewa, chakula na anga. Picha moja ya kifua ni kati ya 0.02 na 0.1. Kwa hiyo picha tatu za mama, hata tukizihesabu kwa kiwango cha juu, hazifikii dozi ya asili ya miezi miwili. Jino ni kidogo zaidi, kama 0.005. Mgongo wa chini ni mkubwa kidogo, karibu 1.5, na hiyo ni sababu nzuri ya kutokimbilia picha ya mgongo kwa kila maumivu. CT ya kifua ya kawaida ni kama 6, yaani karibu miaka miwili na nusu ya mionzi ya asili. Si kitu cha kupuuza, wala si cha kuogofya. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, hukadiria kwamba watu 2,000 wakipewa kila mmoja dozi ya milisivati 10, huenda mmoja akapata saratani ya kuua kwa sababu hiyo, wakati kati ya watu haohao karibu 400 wangekufa kwa saratani hata bila kipimo chochote. Kwa mama wa miaka 61 mwenye doa lisiloelezeka kwenye pafu, mimi binafsi sioni mizani ya kupima hapo: afanyiwe. Kijana wa miaka 12 anayetakiwa CT kwa sababu tu mzazi anataka "aangaliwe mwili mzima", huyo ningemkatalia, maana seli za watoto hugawanyika haraka na wana miaka mingi mbele ya kasoro kujitokeza.

Ndiyo maana mpiga picha husimama nyuma ya ukuta wenye madini ya risasi wakati mama amebaki peke yake. Si kwamba anajua siri fulani. Mama anapigwa picha chache, lakini mpiga picha angepata mionzi pamoja na kila mgonjwa, kila siku, mwaka mzima. Mwanamke mjamzito au anayehisi huenda ni mjamzito lazima aseme kabla. Eksirei ya kifua au ya mkono inampa mtoto tumboni dozi ndogo mno na inaweza kufanyika ikihitajika, lakini za nyonga na tumbo hufikiriwa mara mbili.

Mama akienda kwenye CT, abebe picha zote tatu za awali, au diski yake, na si majibu ya maandishi peke yake, kwa sababu mtaalamu wa radiolojia anataka kuona doa lilivyobadilika kwa macho yake. Aseme mapema kama ana tatizo la figo, kama anatumia metformin kwa ajili ya kisukari, au kama aliwahi kuvimba au kuwashwa baada ya dawa ya iodini. Wakimchoma dawa hiyo atahisi joto likimtambaa mwilini na ladha ya chuma mdomoni, pengine hata adhani amejikojolea. Ni hisia tu, na hupita kwa dakika moja hivi. Avue vitu vya metali kifuani na shingoni, na akiambiwa ashike pumzi, aishike kweli, kwa sababu pafu linalotikisika hutoa picha yenye ukungu na hapo ndipo mtu hulazimika kurudiwa. Majibu yakitoka, muulize daktari swali moja: doa liko wapi, na hatua inayofuata ni ipi? Wewe wakati huo nenda ukachunguzwe goti.